Jinsi ya kuiandaa nyumba yako kabla masika hayajafika

Kila mwaka ikifika Februari, kwenye kikoba chetu maswali ni yale yale. Nianzie wapi? Ninunue nini? Mimi nimepanga vyumba viwili tu, mambo haya si ya wenye majumba yao? Kama hela haitoshi, nifanye lipi kwanza? Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi, mengine kwa sauti ndefu za WhatsApp ambazo hakuna anayezisikiliza hadi mwisho. Sasa nayaandika yote mahali pamoja.

Ninaishi Dar es Salaam, kwa hiyo mfano wangu mkubwa ni mafuriko. Lakini hatua nyingi hapa chini zitakufaa hata kama kinachokutisha ni moto, au umeme na maji kukatika kwa siku kadhaa.

Jambo moja kabla hatujaanza: begi la dharura lisiwe la kwanza. Wengi wanakimbilia kununua begi, wanalijaza vitu walivyoviona kwenye orodha za nchi nyingine, kisha wanaliweka juu ya kabati na kuhisi wamemaliza. Mvua ya Desemba 2011, ile iliyoua watu zaidi ya 40 jijini na baadaye familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, ilinikuta nikiishi Kigogo. Maji yalifika usawa wa dirisha. Godoro na makochi nilivisahau ndani ya mwaka mmoja. Kilichonitesa ni cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, aliyekuwa aanze darasa la kwanza Januari ile. Kilikuwa kwenye droo ya chini kabisa ya kabati. Nilizunguka ofisi kwa miezi kutafuta kingine, huku kila dirisha likinidai karatasi nyingine ambayo nayo ilikuwa imeoza kwenye tope. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mambo ya bure.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vingi utavikuta ndani kwako.

- Ndoo ya lita 10 yenye mfuniko wa kubana. Ya rangi ya ukutani inafaa ukiisugua vizuri, maana hii ni ya karatasi, si ya maji ya kunywa.
- Madumu safi ya lita 20, angalau mawili kwa kuanzia.
- Dawa ya kutibu maji, ya vidonge au ya chupa. Maduka ya dawa wanayo.
- Tochi mbili, na redio ndogo ya betri.
- Simu ya kitochi, hata iliyochakaa, ilimradi inashika chaji.
- Filimbi, kamba ya mita 10 hivi, tepu ya karatasi na kalamu ya wino usiofutika.
- Begi la mgongoni. La mtoto la shule lililoachwa linatosha.
- Noti ndogo ndogo za shilingi, utakazozikusanya polepole.

Ukikosa nusu ya hivi, anza tu. Hatua ya kwanza hadi ya tatu zinahitaji ndoo, dumu na saa mbili za Jumamosi.

Hatua 1: Ijue hatari ya hapo unapokaa

Toka nje utembee. Maji yakija yatatokea upande gani? Mtaro wa karibu umejaa takataka? Choo cha jirani wa juu kinaelekea wapi? Sisi wa mabondeni tunajua tabia ya baadhi ya watu kutapisha vyoo mvua ikishika, na uchafu ule hauendi mbali, unaishia kwa aliye chini.

Kisha mtafute mkazi wa siku nyingi, yule mzee au bibi aliyekuwepo wakati wa El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Muulize: maji yaliwahi kufika wapi? Atakuonyesha ukutani kwa kidole. Chukua kipimo hicho, kakichore ndani kwako kwa kalamu. Kila kitu cha thamani kikae juu ya mstari huo. Sijaona kifaa chochote cha kununua kinachosaidia kuliko mstari huu.

*Kosa la kawaida:* kujiaminisha kuwa mtaa wako hauna historia. Mitaa inabadilika. Kiwanja kilichokuwa wazi kikijengwa ukuta, maji yaliyokuwa yanapita pale yanatafuta njia nyingine, na huenda ikawa ni mlango wako.

Hatua 2: Karatasi

Kusanya vyote leo: vyeti vya kuzaliwa, vya shule na vya ndoa, vitambulisho vya NIDA, kadi za bima, kadi za kliniki za watoto, mkataba wa pango, hati au leseni ya makazi, daftari la kikoba. Vipige picha kimoja kimoja, mchana, karibu na dirisha, maandishi yasomeke. Picha hizo mtumie mtu mmoja unayemwamini anayeishi mkoa mwingine. Zikibaki kwenye simu yako peke yake, simu ikizama nazo zimezama.

Vyenyewe vitie ndani ya ndoo yenye mfuniko, ufunge ukingo kwa tepu. Kwa nini ndoo? Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, bahasha inalowa, na sanduku la bati linazama. Ndoo iliyobanwa vizuri huelea, ina mpini, na hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuibeba. Iweke juu ya mstari wako, mahali ambapo watu wazima wote wa nyumba wanapajua.

Ndani ya ndoo hiyo hiyo weka karatasi yenye namba za simu zilizoandikwa kwa mkono. Jiulize unakumbuka namba ngapi kwa kichwa. Mimi wakati ule nilikumbuka yangu na ya mume wangu, na simu zetu zote mbili zilikuwa zimezima.

Hatua 3: Maji ya kunywa

Mafuriko yana jambo linalowashangaza wageni: maji yako kila mahali, na hayo ya kunywa hakuna. Bomba linakauka au linatoa tope, kisima kinaingiliwa na vyoo.

Piga hesabu ya lita 5 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa na kupika. Nyumba ya watu 5 kwa siku 3 inahitaji lita 75, yaani madumu manne. Huna manne? Anza na moja, ongeza moja kila mwezi. Ya kuogea na kufulia ni hesabu nyingine, hayo yakae kwenye pipa.

Usitumie dumu lililowahi kubeba petroli, mafuta ya taa, rangi au dawa ya wadudu, hata ulisugue mara kumi. La mafuta ya kula linafaa likioshwa kwa maji ya moto na sabuni hadi harufu iishe. Jaza, funga, bandika tepu yenye tarehe. Kila mwisho wa mwezi yatumie kufulia, kisha jaza upya.

Maji usiyoyaamini yachuje kwa kitambaa safi, halafu yachemshe hadi yatokote kwa nguvu dakika moja kamili. Ukiwa nyanda za juu sana, zaidi ya mita 2,000, acha yatokote dakika tatu. Kama huna moto, tumia dawa, na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio chako, maana kidonge cha lita 20 si sawa na cha lita 5. Subiri nusu saa kabla ya kunywa. Wanaoonja baada ya dakika mbili wanakunywa vijidudu vikiwa hai.

Hatua 4: Mwanga na simu

Hii ni fupi. Tochi moja ining'inie kwenye msumari karibu na kitanda, mahali pamoja siku zote, mkono uifikie gizani. Nyingine iwe ndani ya begi. Betri za akiba zikae nje ya tochi zisije zikavuja humo. Simu ya kitochi ichajiwe kila Jumapili, kwa sababu smatifoni haitamaliza siku mbili bila umeme. Redio ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: minara ya simu nayo hutegemea umeme, ikizima hupati ujumbe wowote, lakini TBC Taifa utaisikia.

Mishumaa na vibatari siviwekei moyo. Watu wamelala wamechoka, watoto wamejaa chumba kimoja, chandarua kiko karibu. Taa ndogo ya sola ni bora mara mia.

Hatua 5: Milango, funguo na moto

Hapa naomba usome polepole.

Nyumba zetu tumezifunga nondo. Dirisha lina nondo, baraza lina grili, grili ina kufuli, na ufunguo wa kufuli uko kwenye pochi ya mama, chini ya mto, au kwa baba aliye safarini. Usiku moto ukishika, au maji yakianza kupanda, nyumba hiyo imegeuka mtego. Fanya yafuatayo leo hii: tengeneza funguo za akiba za kila kufuli la njia ya kutokea. Zitundike ndani, karibu na mlango husika, mbali na dirisha mwizi asizifikie, usawa ambao mtoto mkubwa anaufikia. Hazitolewi hapo kwa sababu yoyote. Chumba cha watoto kisifungwe kwa nje, kamwe.

Kwenye gesi: paka maji ya sabuni kwenye mpira na kiungio cha mtungi kila unapobadilisha mtungi. Povu likichezacheza, gesi inavuja. Ukisikia harufu usiku, funga mtungi, fungua madirisha na milango, toeni watu nje, na usiguse swichi yoyote, si kuwasha wala kuzima. Cheche ndogo ya swichi inatosha.

Mafuta yakiwaka kwenye kikaango, funika kwa mfuniko na uzime jiko. Usimwagie maji, moto utaruka hadi kwenye dari. Na jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala hata kama mvua imeleta baridi. Lina hewa ya sumu isiyo na harufu, na anayelala nayo haamki. Jenereta ni hivyo hivyo, mahali pake ni nje, mbali na dirisha.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Polisi ni 112. Ziandike mlangoni kwa kalamu, pamoja na jina la mtaa wako na alama ya karibu inayojulikana, kama msikiti, shule au kituo cha daladala. Mtu akiwa na hofu husahau hata pa kuelekeza gari.

Hatua 6: Mkae kikao

Dakika ishirini baada ya chakula cha jioni, na dada wa kazi awepo, maana saa nyingi yeye ndiye mtu mzima pekee aliye nyumbani. Kubalianeni mambo matatu. Tukitoka ghafla usiku, tunakutana wapi karibu? Mtaa ukiwa haupitiki, tunaenda kwa nani, sehemu iliyoinuka? Tukipoteana, nani wa mkoani tutampigia kila mmoja kueleza yuko wapi? Mara nyingi laini za hapa hapa zikiwa zimejaa, ujumbe mfupi kwenda Dodoma au Moshi unapita.

Gaweni pia kazi: nani anabeba ndoo ya karatasi, nani mtoto mchanga, nani anamshika bibi mkono. Kama mna mgonjwa asiyetembea, zungumzeni sasa na vijana wawili wa jirani, kwa majina, na mjumbe wenu ajue chumba anacholala. Kazi ya kumtafutia wabebaji haifanyiki maji yakiwa magotini.

Hatua 7: Sasa begi

Dawa za kila siku za mwenye presha, kisukari au pumu, za wiki moja. Nguo moja ya kila mtu, khanga mbili (khanga ni shuka, taulo, mbeleko na pazia), taulo za kike, sabuni, nepi. Chakula kisichohitaji moto: karanga, tende, biskuti, samaki wa kopo. Unga na maharage viache nyumbani juu ya kabati, havikusaidii njiani. Filimbi, kamba, tochi, redio. Noti ndogo, kwa sababu mtandao ukikatika pesa ya kwenye simu haitoki, na bodaboda hana chenji ya elfu kumi.

Ongeza pakiti kadhaa za ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi kwa kudhani inaponya zaidi, inamdhuru mtoto.

*Kosa la kawaida:* begi zito. Livae, mbebe na mtoto, panda ngazi au kilima cha karibu. Ukihema, punguza.

Hatua 8: Jaribuni usiku

Chagua usiku mmoja, zima meni swichi saa tatu, watoto wawe wameambiwa mapema wasiogope. Tokeni hadi mnapokutana. Pimeni muda. Mara ya kwanza kwetu kufuli la grili liligoma kwa kutu. Bora liligoma siku ile.

Tahadhari ikitangazwa

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Njano: chaji kila kitu, jaza madumu, zibua mtaro wako. Chungwa: pandisha vitu juu ya mstari, friji juu ya matofali, panga salfeti zilizojazwa mchanga mlangoni, na kama mko bondeni wazee na watoto waende kwa ndugu mapema. Nyekundu: ondokeni kabla ya giza. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitangazwa siku kadhaa kabla hakijafika pwani, na waliosikiliza walipata muda wa kutosha. Si kila janga lina adabu hiyo. Tope la Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, liliwafikia watu wa Katesh asubuhi na mapema, ndiyo maana begi na funguo hazisubiri tangazo.

Maji yakianza kuingia, zima meni swichi ikiwa tu mkono wako na unaposimama ni pakavu. Usivuke maji yanayokimbia. Sentimita 15 tu, chini ya nusu ya goti, zinaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 hubeba magari mengi. Pale bonde la Jangwani, hapa Dar, kila mwaka kuna dereva anayeamini gari lake ni refu.

Ukikwama

*Sina hela kabisa.* Hatua ya 1, 2 na 6 ni bure. Zikamilishe mwezi huu. Mwezi ujao dumu moja. Kwenye kikoba tulikubaliana kununua tochi na madumu kwa jumla, ikawa nafuu kwa wote.

*Mwenye nyumba hataki nipige misumari wala kuchora ukutani.* Tumia tepu kwa mstari. Kuhusu funguo za grili usikubali kushindwa. Mweleze kuwa ni uhai wa wapangaji, mkienda wawili watatu pamoja atasikia.

*Watoto wanamaliza biskuti za begi.* Weka karanga mbichi na tende badala yake, na biskuti zao wape wazi kila Ijumaa mnapobadilisha vitu. Hivyo vitu vya begi vitabadilishwa kabla havijaoza.

*Maji ya dumu yamepata harufu au utelezi.* Yamwage, sugua dumu kwa mchanga safi na sabuni, suuza, likauke juani likiwa limepinduliwa, jaza upya. Likirudia, mfuniko haubani, tafuta mwingine.

*Nahisi aibu, majirani wananicheka.* Walinicheka nami. Mvua ya kwanza iliyofuata, watatu kati yao walikuja kuazima tochi. Niliwapa, na wiki iliyofuata tukazibua mtaro pamoja.

*Maji yameshatoka, narudi lini ndani?* Mchana, si usiku, na viatu vya kufunika mguu. Gonga gonga vitu kwa fimbo kwanza, nyoka nao walikuwa wanakimbia maji. Chakula chochote kilichoguswa na maji ya mafuriko kitupe, hata unga ulio katikati ya mfuko unaoonekana mkavu. Kuta zisugue kwa maji ya klorini, magodoro yaliyolowa usilalie. Umeme usiuwashe hata kama jirani kawasha wake. Mwite fundi afungue soketi za chini zote, azikaushe na kuzipima, ndipo meni swichi ipandishwe.